Nsyuka wa Kwenye Kanda

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa filamu ya video ya kutisha, "Nsyuka". Nimeitazama tena hapa Tukuyu. Mwili bado unanisisimka. Linaloniuma ni jina. Kwa Kinyakyusa, abasyuka ni wazee waliotangulia, wakaao chini ya ardhi. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, waliwakuta watu wakiwatambikia kwa pombe na nyama. Wazee hao walikuwa wakali, ndiyo. Aliyewakosea jamaa zake aliweza kuletewa maradhi. Lakini walikuwa wa nyumbani, na hasira yao ilikuwa na sababu. Banzi ana haki ya kututisha, tena anajua kutisha. Ila mpwa wangu, mzaliwa wa hapa hapa, anamjua nsyuka wa kwenye kanda tu.