Meno ya Difu na Kimo cha Tairi

Watu wanaposimulia historia ya magari yaliyoundwa kwa ajili ya mahali pasipo na barabara, aghalabu husimulia habari za injini, za vita na za milima iliyopandwa, ilhali jambo lililoyawezesha magari hayo kupanda limefichika chini ya uvungu, ndani ya kombe la chuma lililojaa oili: hisabu ya meno ya difu na ulinganifu wake na kimo cha tairi. Krauni, yaani gia kubwa ya difu, ikiwa na meno 39, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ikiwa na meno 8, propela shafti haina budi kuzunguka mara 4.875 ili gurudumu lizunguke mara moja. Nguvu ya kuzungusha huongezeka kwa kadiri hiyo, na kasi hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Walakini kazi haiishii kwenye ekseli, kwa maana tairi lenyewe ndilo gia ya mwisho ya gari: likiwa refu, kila mzunguko wake humeza ardhi nyingi zaidi, na nguvu inayofika pale mpira unapokutana na udongo huwa haba. Atazamaye difu peke yake, au tairi peke yake, ametazama nusu ya jambo.

Meno hayo 39 na 8 ndiyo yaliyokuwamo katika gari la Willys MB, jipu la Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo jepesi mwaka 1940. Kampuni ya Bantam ya mji wa Butler, Pennsylvania, ikamwajiri mhandisi Karl Probst, na gari la kwanza likafikishwa kambi ya Holabird tarehe 23 Septemba mwaka ule ule. Baadaye Willys, waliokuwa na injini yenye nguvu zaidi, ya farasi 60, walipewa kazi hiyo pamoja na Ford, na magari zaidi ya 600,000 yakaundwa. Tairi lake lilikuwa la kipimo cha 6.00-16, lenye kimo cha takriban inchi 28, na kwa injini ndogo kama ile mizani ya meno na tairi ilikuwa ya haki kabisa: gari liliweza kuufuata msafara wa malori barabarani, na siku hiyo hiyo likashuka korongoni na kutoka.

Vita vilipokwisha, Willys waliligeuza jipu kuwa gari la mkulima, na hapa ndipo inapodhihirika kwamba waundaji wale walijua walifanyalo. Katika CJ-2A ya mwaka 1945 waliongeza meno ya krauni yakawa 43 dhidi ya 8, yaani 5.38, na gia ya chini ya transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, wakaitoa kwenye 1.97 wakaipeleka 2.43. Ukizidisha gia ya kwanza, transfa na difu, jipu la vita lilipunguza mizunguko ya injini zaidi ya mara 25 kabla haijafika gurudumuni, na jipu la shamba zaidi ya mara 36. Jembe la plau halitaki mwendo, lataka uvumilivu, na uvumilivu wa gari hupatikana kwa meno. Tairi halikuguswa, kazi ndiyo iliyobadilika, na difu ikaifuata kazi.

Maarifa haya yaliyokuwa dhahiri kiwandani yalipotea mikononi mwa wenye magari. Huko magharibi mwa Marekani majipu yaliyouzwa na jeshi yalinunuliwa na wawindaji, wafugaji na watafuta urani waliochimbua njia kwenye majabali ya Utah. Mwaka 1953 msafara wa kwanza wa Jeepers Jamboree ukatoka Georgetown, California, ukapita njia ya Rubicon kuvuka milima ya Sierra Nevada. Watu wakaona kwamba tairi refu hulipanda jiwe ambalo tairi fupi huligonga tu, na ya kwamba difu, ambayo ndiyo sehemu ya chini kuliko zote, huinuka kwa nusu ya kile kinachoongezwa katika kimo cha tairi. Wakafunga matairi makubwa. Kisha wakashangaa kuona gari limekuwa zito kuondoka, klachi yanuka kuungua, gia ya juu haifai kitu kwenye mwinuko mdogo, na spidomita yasema uongo, maana huhesabu mizunguko ya shafti wala haina habari ya kimo cha tairi.

Dawa yake ni hisabu ya mtoto wa shule: zidisha uwiano wa zamani kwa kimo cha tairi jipya, kisha gawanya kwa kimo cha tairi la zamani. Gari lenye 4.10 na matairi ya inchi 31 likifungwa ya inchi 35 lahitaji 4.63 ili lirudi lilivyokuwa. Difu isipobadilishwa, spidomita itaonyesha 100 nalo gari laenda takriban 113. Ama kuhusu nguvu za chuma, kila jambo lina bei yake: kombe la difu halipanuki, kwa hiyo meno yakitakiwa kuwa na uwiano mkubwa, pinioni hupungua unene, nayo pinioni nyembamba ikikutana na tairi zito lililonasa kati ya mawe mawili hukatika. Kadhalika ni lazima difu ya mbele na ya nyuma ziwe sawa. Zikihitilafiana, ekseli hushindana, na mara tu magurudumu yote manne yanapounganishwa kwenye ardhi ngumu, shafti hujipinda mpaka tairi liteleze au kitu kivunjike.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili lilikuja na Land Rover, ambayo Maurice Wilks wa kampuni ya Rover aliibuni baada ya kulitumia jipu la vita katika shamba lake la Anglesey, na ambayo ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa muda mrefu difu yake ilikuwa 4.7, meno 47 kwa 10. Uwiano huo huo ulilibeba gari fupi lenye tairi la 6.00-16 na gari refu la inchi 109 lenye 7.50-16, na kila aliyeliendesha hilo refu likiwa na shehena kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika anajua kwamba gia ya tatu ndiyo iliyokuwa mahali pake pa kuishi. Lakini kiwanda kilipotoa gari la tani moja mwaka 1968, likiwa na matairi makubwa ya 9.00-16, hakikuliacha hivi hivi: difu ilibaki 4.7, bali uwiano wa gia ya juu ya transfa ukapandishwa kutoka 1.148 hadi 1.53. Hilo ni zaidi ya tairi lilivyodai, kwa kuwa mzigo nao ulikuwa umezidi, na mimi naliona kuwa tendo la uhandisi wenye insafu.

Safari ya kinyume nayo ikafuata. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa na injini ya silinda nane na difu ya 3.54, na kwa kuwa difu hiyo huingia katika ekseli za Land Rover nyingi za zamani, mafundi wa nchi nyingi waliihamisha ili gari likimbie kwenye lami. Ndiyo maana mnunuzi wa Land Rover kuukuu hafai kuiamini karatasi. Fundi mwangalifu huweka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, huyainua yote mawili ya nyuma, huiacha gia huru pamoja na breki ya mkono, ambayo katika gari hili huishika shafti yenyewe, kisha hutia alama za chaki, akayazungusha magurudumu pamoja mzunguko mmoja kamili huku mwenziwe akihesabu mizunguko ya shafti. Ikikaribia mitano, difu ni ya asili. Ikiwa mitatu na nusu, difu imebadilishwa, na ya mbele sharti ikaguliwe kabla gari halijatia mguu kwenye tope.

Wajerumani walilijibu swali hili la meno na tairi kwa njia ambayo naistahi kuliko zote. Katika gari la Unimog, lililobuniwa na Albert Friedrich na kuanza kuundwa mwaka 1948, ekseli imewekwa juu ya kitovu cha gurudumu, na jozi nyingine ya gia imetiwa pale pale gurudumuni. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya kupunguza mizunguko hufanyika mwishoni kabisa, shafti za ndani hazibebi nguvu nyingi, difu haihitaji kuwa kubwa, na tumbo la gari huinuka bila kutegemea tairi peke yake.

Marekani yenyewe ilichukua miaka mingi kuyarudisha maarifa haya kiwandani. Jeep Wrangler Rubicon ya mwaka 2003 ilitoka na difu za 4.10, transfa ya 4 kwa 1 na matairi ya karibu inchi 31; na mwaka 2021, matairi ya inchi 35 yalipoanza kufungwa kiwandani, Jeep waliyaoanisha na 4.56, na Ford katika Bronco wakayapa 4.7. Ile 4.63 ya wale waliokuwa wakifungua difu zao uani imekaa katikati ya namba hizo mbili, na mnunuzi sasa hupewa tairi na meno yake kwa pamoja, na spidomita isemayo kweli.