Kicheza muziki cha kompyuta ya bodi moja

Kicheza muziki cha kompyuta ya bodi moja ni kifaa cha kusikilizia muziki wa kidijitali kinachoundwa kwa kompyuta ndogo, aghalabu Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Kompyuta hiyo, yenye ukubwa wa karibu kadi ya benki, husoma faili kutoka kwenye flashi au mtandao kwa programu kama Volumio.

Ubora wa sauti hutegemea kigeuzi, yaani bodi ya pili inayopachikwa juu ya pini 40 za kompyuta hiyo na kubadili namba kuwa mawimbi ya umeme ya kupeleka kwenye amplifaya. Sauti ya CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde. Faili za FLAC huipunguza ukubwa bila kupoteza chochote, tofauti na MP3.

Mahali kama Kwashemshi, wilayani Korogwe, nyimbo za bendi ya Atomic Jazz ya Tanga zikihifadhiwa kwenye flashi huchezwa bila bando. Kifaa hutumia volti 5, hivyo betri ya sola yenye kipunguza volti hutosha. Umeme ukikatika ghafla, memori kadi yenye programu huweza kuharibika. Kwa hiyo kifaa huzimwa kwanza kwa programu, ndipo waya uchomolewe.