Kusawazisha milinganyo ya kemia: hesabu iliyomo ndani ya jiko la mkaa

Kusawazisha mlinganyo wa kemia ni kuhakikisha kwamba atomu za kila elementi zilizo upande wa kushoto wa mshale zinalingana kwa idadi na zile za upande wa kulia. Wanafunzi wa Gitega na Muyinga hufundishwa somo hili kwa Kifaransa, lakini mfano wake ulio karibu zaidi umo majumbani mwao: jiko la mkaa, ambalo kwa Kirundi huitwa imbabura. Anayeielewa hesabu hii huelewa pia kwa nini jiko hilo halipaswi kuachwa liwake chumbani watu wakiwa wamelala.

Msingi wa hesabu

Mwaka 1789, mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alieleza katika kitabu chake kwamba vitu vinapobadilika kikemia, uzito wao wote kwa jumla haupungui wala hauongezeki. Kwa lugha ya leo, atomu hazipotei; huachana na kuungana upya. Kwa hiyo, anayesawazisha huruhusiwa kuweka au kubadili tarakimu inayotangulia fomula tu. Tarakimu ndogo iliyo ndani ya fomula haiguswi, kwani kuibadili ni kukibadili kitu chenyewe: CO₂ ni hewa ambayo kila mtu huitoa anapopumua, ilhali CO ni sumu kali.

Mkaa unapowaka

Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ukipata hewa ya kutosha, huungana na oksijeni hivi:

C + O₂ → CO₂

Mlinganyo huu umesawazika wenyewe. Hewa ikiwa haba, hutokea kaboni monoksidi. Tukiandika C + O₂ → CO, kushoto kuna atomu 2 za oksijeni na kulia ipo 1 tu. Tukiweka 2 mbele ya CO, oksijeni hulingana, lakini kaboni hupungua kushoto. Hivyo nayo hupewa 2:

2C + O₂ → 2CO

Gramu 12 za kaboni huhitaji gramu 32 za oksijeni ili ziwe CO₂, lakini gramu 16 tu zatosha kutoa CO. Kilo moja ya kaboni huhitaji takribani kilo 2.7 za oksijeni ili iungue kikamilifu. Katika miinuko ya Gitega na Muyinga, ambako mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo moja, oksijeni hiyo ni ile iliyomo katika mita za ujazo 11 hivi za hewa. Hiyo ni karibu nusu ya hewa ya chumba chenye upana na urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.5.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Makaa mekundu yasiyotoa moshi huitoa pia. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuzimia. Mwenye dalili hizo hutolewa nje kwenye hewa safi mara moja na kupelekwa kwa mganga.

Sumu iliyozaa jembe

Hewa hiyohiyo ndiyo iliyowawezesha wahunzi wa kale wa Burundi kutoa chuma kwenye mawe kwa tanuri za mkaa. Mlinganyo usiosawazishwa ni huu:

Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂

Kila CO huchukua atomu moja ya oksijeni, na Fe₂O₃ inazo 3. Kwa hiyo zahitajika CO 3, zinazotoa CO₂ 3, na chuma huwa 2:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Kila upande sasa una chuma 2, kaboni 3 na oksijeni 6. Kwa uzito, gramu 160 na 84 huzaa gramu 112 na 132. Jumla ni 244 pande zote mbili.

Ndani ya tanuri, sumu hiyo ilifanya kazi ya mhunzi. Chumbani haina kazi. Katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, mahali salama pa jiko lenye makaa ni nje ya nyumba.