Tauni ya Pune na Shairi Lililofikishwa Mahakamani

Mwezi wa Septemba 1896, tabibu mmoja wa Bombay, Acacio Viegas, aliitwa kumtazama mgonjwa katika mtaa wa Mandvi, karibu na gati, palipojaa maghala ya nafaka pamoja na panya wake. Aliikuta homa kali na mitoki, akatambua kuwa ni tauni. Vijidudu vya maradhi hayo Alexandre Yersin alikuwa amekwisha kuviona huko Hong Kong mwaka 1894. Na Bombay ndiyo bandari iliyofungamana na Unguja, Lamu na Mombasa kwa majahazi na meli, kwa nguo, kwa rupia na kwa undugu wa damu, hata habari zake hazikuwa za ugenini kwa watu wa mwambao huu.

Serikali ya Kiingereza ilitishika, na hofu yake haikuwa ya vifo peke yake. Mataifa ya Ulaya yalikutana Venice mapema mwaka 1897 kushauriana juu ya tauni, na India ilichelea bandari kufungiwa meli zake. Mahujaji wa India wakazuiwa safari ya Makka mwaka huo. Tarehe 4 Februari 1897 ikapitishwa Sheria ya Magonjwa ya Mlipuko. Ilikuwa sheria fupi ajabu, vifungu vinne tu: serikali iweze kuchukua hatua yoyote iionayo kuwa ya lazima, asiyetii aadhibiwe, na anayetenda kwa nia njema chini ya sheria hiyo asishitakiwe. Hicho cha mwisho ndicho cha kutazamwa sana, maana nia njema ya askari aliyeingia nyumbani mwa mtu ingepimwa na nani, na kwa mizani gani?

Katika mji wa Pune kazi hiyo alikabidhiwa W. C. Rand, akapewa askari zaidi ya 800. Kuanzia Machi walipita nyumba kwa nyumba. Waliingia na viatu vyao hadi jikoni na katika vyumba vya ibada. Walipekua wagonjwa kwenye makwapa na kwenye mapaja kutafuta mitoki. Aliyeshukiwa alipelekwa hospitali, jamaa zake wakapelekwa kambini, vyombo na matandiko yao yakatiwa moto, na nyumba ikamwagiwa dawa na kupakwa chokaa. Rand katika taarifa yake alidai kwamba hakukuletwa lalamiko la kuaminika la mwanamke kuvunjiwa heshima. Magazeti ya mji yalisema kinyume chake. G. K. Gokhale, aliyekuwa Uingereza wakati huo, alirudia huko habari za wanawake kunajisiwa. Aliporejea nyumbani na kushindwa kuleta ushahidi, akalazimika kuomba radhi hadharani. Lakini mwanamke gani wa nyumba ya stara angesimama mbele ya baraza la wageni kutoa ushahidi wa jambo kama lile?

Haifai, hata hivyo, kuwafanya watu wa Pune kuwa ni wajinga walioikataa tiba. Wazo la kumzuia mtu wa mji wenye tauni si la Waingereza, kila aliyekaa chuoni katika mwambao huu anaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Bal Gangadhar Tilak, mhariri wa gazeti la Kimarathi liitwalo *Kesari*, alibaki mjini wakati wakubwa wenziwe walipokimbia, akasaidia kufungua hospitali ya Wahindu kwa ajili ya wagonjwa wa tauni. Alilolipinga ni namna ya kutenda: kufanyiwa watu mambo bila ya kushirikishwa, na askari badala ya waganga.

Na yupo Savitribai Phule, ambaye wapenzi wa ushairi hawana budi kumkumbuka. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1854, naye alikuwa amekwisha kuwafundisha watoto wa kike wa Pune tangu 1848. Tauni ilipofika alikuwa na umri wa miaka 66. Yeye na mwanawe wa kulea, Yashwant, aliyekuwa daktari, walifungua mahali pa kuwatunza wagonjwa pembezoni mwa mji. Alimbeba mtoto mgonjwa mgongoni hadi hapo, akaambukizwa, akafa tarehe 10 Machi 1897, mwezi ule ule ambao misako ya askari ilianza.

Tarehe 15 Juni *Kesari* likachapisha shairi lisilo na jina halisi la mtunzi, ambamo Shivaji, mfalme wa Wamarathi wa karne ya 17, anaamka na kulia kwa hali anayoikuta nchini mwake. Wiki moja baadaye, usiku wa tarehe 22, Pune ilipokuwa ikisherehekea miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Rand na Luteni Ayerst walipigwa risasi wakitoka kwenye karamu ya Gavana. Ayerst alikufa papo hapo. Rand alifariki tarehe 3 Julai. Waliofyatua walikuwa ndugu wawili wa ukoo wa Chapekar, Damodar na Balkrishna, na wote wawili walinyongwa baadaye.

Tilak hakushitakiwa kwa mauaji. Alishitakiwa kwa uchochezi, na shairi likawa sehemu ya ushahidi. Septemba 1897 lilisomwa katika Mahakama Kuu ya Bombay mbele ya baraza la wazee tisa, sita Wazungu na watatu Wahindi, ambao wengi wao hawakukijua Kimarathi. Basi walihukumu tafsiri. Anayejua kazi ya kuhamisha shairi atalipima jambo hilo: neno lenye huzuni katika lugha moja huweza kutoka na upanga mkononi katika lugha nyingine, na mfasiri wa mahakama hana sababu ya kuuficha upanga huo. Jaji Strachey naye aliwaeleza kuwa "chuki" dhidi ya serikali, kwa maana ya sheria, ni kule kukosa mapenzi nayo tu. Kwa kipimo hicho, ni mshairi gani aliyeomboleza msiba wa nchi yake angetoka salama? Sita wakasema ana hatia, watatu wakakataa. Akafungwa miezi 18, akaachiwa Septemba 1898 kabla ya muda kutimia. Kanuni ile ile ya Adhabu ya India ilitumika pia nchini Kenya hadi mwaka 1930.

Mwaka 1898, huko Karachi, Paul-Louis Simond alionyesha kuwa tauni hubebwa na viroboto vya panya. Ikapita miaka kadhaa kabla ya kusadikiwa. Kumbe mlango ulipovunjwa na sakafu kufukuliwa, panya walihamia nyumba ya jirani na viroboto vyao. Ghasia zilipozuka Bombay mwaka huo huo, serikali ilianza kulegeza kamba: upekuzi wa nguvu ukapunguzwa, waganga wa kienyeji wakashirikishwa, chanjo ya Haffkine ikaachwa kuwa hiari. Tauni yenyewe haikungoja. Iliua zaidi ya watu milioni 10 nchini India katika miongo iliyofuata.

Sheria ya vifungu vinne haikufutwa baada ya uhuru. Machi 2020, korona ilipoingia, ilitumika tena, na mwaka huo ikaongezewa adhabu kwa wanaowashambulia madaktari na wauguzi.