Historia Iliyoandikwa na Watumishi wa Nyumbani

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, lilitokea andiko dogo lisilo na fahari yoyote. Lilipigwa kwa taipureta, kisha likanakiliwa kwa stensili. Kichwa chake kilikuwa cha Kifaransa, nacho kililiita msamiati wa mji wa Elisabethville. Lakini ndani yake mlikuwa na Kiswahili cha Katanga, tena si kamusi bali historia. Mwandishi wake alikuwa André Yav, na nyuma yake kilisimama chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani: watu waliowapikia Wazungu, waliowafulia nguo na kuwatunzia bustani, na walioitwa “boi” hata walipokuwa wazee wenye wajukuu.

Vijana wapendwa, tunaposema juu ya vyombo vya habari vya jamii, mawazo yetu hukimbilia redio na simu. Yafaa tukumbuke kwamba katika mji wetu kazi hiyo ilikwisha kufanywa kwa karatasi na stensili, na watu ambao hakuna aliyewatazamia kuandika chochote.

Kwa nini waliandika? Jibu limo katika historia ya mji wenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika, na mji ukaanzishwa, ukaitwa kwa jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata tanuru la shaba lilianza kazi kando ya mto Lubumbashi. Wazungu walikaa katikati ya mji. Waafrika walikaa katika kambi za kampuni na katika mitaa yao, kama Kamalondo na Kenya, na baadaye Katuba na Ruashi. Wazungu walikuwa na gazeti lao, L’Essor du Congo, lililoanza mwaka 1928. Mtumishi alilichukua mlangoni asubuhi na kuliweka mezani pa bwana wake. Habari zake mwenyewe hazikuwa ndani yake, isipokuwa alipotazamwa kwa macho ya bwana huyo.

Tuone jambo moja linaloonyesha hasara ya kukosa sauti. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilikuwa zimepanda na kazi za migodi zilikuwa zimeongezeka. Wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma, wakidai mshahara unaotosha kuishi. Hawakuwa na chama cha kuwatetea, kwa sababu sheria ya koloni haikuwaruhusu kuunda vyama vya wafanyakazi hadi mwaka 1946. Walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na msemaji wao alikuwa karani aliyeitwa Léonard Mpoyi. Askari walifyatua risasi. Mpoyi akauawa, na makumi ya watu pamoja naye. Hata leo hesabu ya waliokufa ina ubishi: serikali ilitoa idadi yake, na wazee wa mji walikuwa na idadi yao, iliyo kubwa zaidi. Penye kundi lisilo na daftari, hata wafu wake huhesabiwa na mwingine.

Jambo hili latugusa sisi Wakatoliki kwa namna ya pekee. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum, akitetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Mfalme M’siri aliuawa huko Bunkeya, na njia ya kuitwaa Katanga ikafunguka. Waraka ule haukufika upesi katika kambi za migodi. Misheni ziliendesha shule za kambi kwa mapatano na kampuni, na wananchi wengi waliona serikali, kampuni na Kanisa kuwa mafiga matatu ya chungu kimoja. Kuukiri ukweli huo si kulidharau Kanisa. Ni kulipenda bila kulidanganya.

Sasa turudi kwa Yav. Andiko lake lasimulia tangu Mfalme Leopold II na M’siri, lapita katika kujengwa kwa mji na vita, hata kufika uhuru. Kiini chake, hata hivyo, ni maisha ya watumishi: taabu zao, chakula chao, mabwana wao na majina ambayo watumishi waliwapa mabwana hao. Mtumishi aliyesimama nyuma ya kiti alisikia mengi yaliyosemwa mezani, na hayo aliyasikia kwa miaka mingi. Historia ya mji, ikitazamwa kutoka jikoni, huonyesha mambo ambayo ofisi ya gavana haikuyaandika.

Andiko hilo lina mipaka yake. Mlango wa habari na mlango wa uvumi vimekaa karibu mno. Hutaja, kwa mfano, batumbula, watu walioaminiwa kuwateka Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Mwanahistoria hawezi kuipokea habari hiyo kama ilivyo. Lakini hawezi pia kuitupa, kwa maana ni ushahidi wa hofu iliyokuwa ya kweli kabisa. Tena wanawake, waliobeba nusu ya mzigo wa mji huu, karibu hawasikiki. Sauti ya wanyonge nayo huweza kuwasahau walio wanyonge zaidi.

Andiko lingeweza kupotea. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alilichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa kuwa maneno yalikuwa yameandikwa jinsi yanavyosikika, bila kufuata kanuni za shule, ilibidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ndipo yaeleweke vema. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alisimulia historia ya nchi kwa picha 101. Na tangu mwaka 2000, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wamekusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji huu.

Tujifunze nini? Kwanza, chama kilitangulia karatasi: watumishi waliungana, ndipo wakaandika. Pili, walitumia lugha ya nyumbani, bila kungoja kibali cha wenye Kifaransa safi. Tatu, walianza na mambo waliyoyajua kwa miili yao. Kijana anayetaka kutetea haki katika mtaa wake, penye maji machafu, mshahara usiolipwa au shamba lililochukuliwa na mgodi, ana njia hiyohiyo mbele yake, pamoja na wajibu mmoja zaidi: kupima kila habari kabla ya kuieneza.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni nani katika parokia yetu aliyefanya kazi miaka mingi na hajaulizwa kamwe alichokiona? Ni nani atakayekwenda kumsikiliza juma hili, na nani ataandika?