Mfadhili si mwekezaji: nani alilipia filamu zetu tangu zamani?

Tangu nibandike kile kipande cha dakika tatu cha filamu ninayotaka kuipiga, swali ni moja tu: pesa utatoa wapi? Wengine wananiambia nitafute mfadhili. Wengine wananiambia nitafute mwekezaji. Wengi wanayataja maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na hata mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwezi uliopita. Kwa hiyo leo hakuna vidio, leo ni historia. Manake hili jambo tunalolihangaikia lina karibu miaka tisini Afrika Mashariki, na sisi tunaliingia kama watu waliozaliwa jana.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi niko Mtangawanda, kisiwa cha Pate. Mashua ikitoka Lamu, ikasubiri maji pale Mkanda, ikaja ikafunga kwetu, hapo ndipo watu wa Pate na Siyu wanaposhuka na magunia yao. Filamu yangu ni ya familia moja ya wakata mikoko mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti na mikoko ya Lamu ikaingia humo humo. Bajeti nimeipunguza mara nne. Imegoma kwenye shilingi 800,000.

Tuanze karibu, mahali ninapoweza kufika kwa miguu kutoka hapa gatini. Mwaka 1728, katika mji wa Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, beti zaidi ya elfu moja kuhusu vita vya Waislamu na Herakli, mfalme wa Rumi. Ni miongoni mwa kazi za Kiswahili za kale kabisa zenye tarehe inayojulikana. Na aliyeitaka kazi hiyo ni Sultani wa Pate. Mwengo hakuzunguka na karatasi ya maombi, mwenye mali ndiye aliyemtaka yeye. Lakini angalieni Sultani alikuwa anataka nini. Hakutaka pesa zirudi. Alitaka jina. Na jina kalipata, si mnaona karibu miaka mia tatu baadaye bado namtaja? Huyo ni mfadhili wa kale, na kwa haki alilipwa vizuri.

Sasa filamu. Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walianza mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Fungu kubwa la pesa lilitoka Carnegie Corporation ya New York, shirika la hisani la Marekani. Kwa miaka miwili wakatengeneza filamu 35, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Mnajua mojawapo ya zile za mwanzo ilihusu nini? Benki ya posta. Jamaa mmoja anazika pesa zake ardhini, zinaibwa. Mwenzake anaziweka posta, yuko salama. Nyingine ilihusu kodi, kwa nini ni vizuri kulipa. Nyingine minyoo, nyingine mmomonyoko wa udongo.

Nilicheka peke yangu niliposoma habari hiyo. Yaani kamera imekuja kwetu mara ya kwanza kwa mpango rasmi kama huo, na kitu cha haraka inachotaka kutuambia ni wapi tuweke pesa zetu! Ila kicheko kiliisha nilipofika 1937. Pesa za Carnegie zilikwisha, serikali za kikoloni zikaombwa ziendeleze, zikakataa, na mradi ukafa palepale. Watazamaji walikuwa wengi, lakini uhai wa mradi haukuwa mikononi mwao. Hiyo picha ikumbukeni, itarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ikaajiri kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Iliyovuma ni Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba na masaibu yake mjini, na nyota wake alikuwa kijana mmoja anaitwa Rashidi Kawawa. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Filamu ilipendwa kwelikweli, lakini mlipaji alikuwa serikali, na serikali haikutaka vijana wajazane mjini. Mtu wa shamba angewezaje kufanikiwa kwenye hadithi hiyo?

Baada ya uhuru mlipaji akabadilika rangi tu. Tanzania ikaunda Tanzania Film Company mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ikatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuhimiza ujamaa. Kwetu Kenya, Sao Gamba akatengeneza Kolormask mwaka 1986 kwa pesa za shirika la serikali. Saikati ya Anne Mungai, 1992, ilipata msaada wa taasisi ya Friedrich Ebert ya Ujerumani. Simbezi yeyote kati ya hao. Saikati, msichana wa Kimaasai anayeikimbia ndoa asiyoitaka, ni hadithi ambayo mwanamke wa Kenya aliisimulia mwenyewe. Ninachosema ni kwamba mpaka hapo hakuna hata mmoja aliyemwendea mtu mwenye pesa akamwambia: weka zako, nitaweka kazi yangu, tukipata tugawane.

Wa kwanza kuleta biashara yenyewe hasa, kwa maoni yangu, ni watu wa Bongo movie. Hapa wasomi hukunja pua, lakini mimi nimekulia kwenye filamu hizo. Kanumba alipofariki mwaka 2012, nyumbani kwetu watu walilia kama wamefiwa na jirani. Zile kanda zilifika Lamu, zilifika Faza, zilionyeshwa kwenye vibanda vya video bila mtu yeyote kupewa msaada na ubalozi. Pesa zilitoka kwa wasambazaji wa Dar es Salaam. Mfanyabiashara anaweka chake, akikosea soko anakula hasara mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kwenye mkataba. Kwa kawaida msambazaji alinunua filamu nzima, pamoja na haki zake, kwa malipo ya mara moja. Ukiwa na kodi ya nyumba inakudai na waigizaji wanakungoja mlangoni, pesa ya leo ni tamu. Mwezi unaofuata unapiga nyingine. Lakini kanda mama imebaki dukani kwa mwenzio. Baadaye diski zikafa, intaneti ikaja, filamu zile zile za zamani zikaanza kutazamwa tena na tena, na anayelipwa ni mwenye haki. Wengine waliouza wako hai, wanaziona sura zao kwenye simu za watu, na hawana hata senti inayowajia. Kwa hiyo yule msambazaji alikuwa mnunuzi tu. Mwekezaji hawi hivyo.

Kipindi kilichofuata mnakijua. Tom Tykwer, mwongozaji wa Ujerumani, na mkewe Marie Steinmann walikuja na One Fine Day Films: warsha Nairobi, walimu kutoka nje, pesa nyingi za Ujerumani. Ikatoka Soul Boy ya Hawa Essuman mwaka 2010, iliyopigwa Kibera, halafu Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga mwaka 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar ya lugha za kigeni. Hiyo Nairobi Half Life nimeitazama labda mara kumi. Kizazi kizima cha mafundi wa kamera, sauti na taa kilipata mkono pale, na sitaki mtu aje hapa kwenye maoni kuniambia nawatukana Wajerumani. Ninauliza tu swali la Vugiri: siku pesa ile ikisimama, nani anaendeleza?

Na kuna ufadhili mzuri pia, lazima niseme ukweli. Philippa Ndisi-Herrmann alikuja hapa kwetu Lamu kupiga filamu ya hali halisi kuhusu bandari mpya. Akaishi nasi, akasilimu, na filamu ikageuka ikawa safari yake mwenyewe ya imani. Ndiyo New Moon ya 2018. Docubox ya Nairobi, mfuko wa filamu za hali halisi aliouanzisha Judy Kibinge, ilikuwa nyuma yake. Fikirieni: umeomba pesa ya filamu ya bandari, unarudi na filamu ya moyo wako, na hukufukuzwa. Mfadhili wa namna hiyo ukimpata, mshike mkono.

Sasa rudini kwenye maneno yetu mawili. Mfadhili, ndani yake mna fadhila. Anakupa, hatarajii pesa irudi, lakini kuna kitu kingine anachokitarajia: jina, kama Sultani, au ujumbe, kama watu wa Vugiri. Mwekezaji anatarajia pesa. Hana haja na shukrani, ana haja na hesabu. Huyu anakuuliza nani analipwa kwanza filamu ikiingiza, haki zinabaki kwa nani, na daftari anashika nani. Sisi vijana tunakwenda kwa mwekezaji na lugha ya mfadhili: tuna ndoto, tuna kipaji, tusaidieni. Halafu tunashangaa hatupigiwi simu.

Nimeyajua haya kwa sababu yamenifika. Kuna shirika moja, silitaji jina, limekubali kunipa shilingi 600,000. Sharti ni moja, nibadilishe mwisho. Kwangu, baba anarudi mkokoni usiku kwa sababu watoto wana njaa, na mtazamaji anabaki na hilo. Wao wanataka baba ajute, apande miche, aushukuru mradi. Laki sita, wadau. Nimelala nazo kichwani wiki nzima.

Nikaenda kwa mjomba wangu, mwenye mashua. Sikwenda kuomba pesa, nilikwenda kulalamika. Akaniambia, "Ndoo ukae." Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza:
"Na chombo chako kikizama, nani yuamo ndani?"
Sikuwa na jibu. Shirika likitoa laki sita na filamu isitazamwe na mtu, wao wameshaandika ripoti yao. Hawamo chomboni.

Mjomba hakunifundisha jambo geni. Kila mtoto wa pwani anajua samaki wakiuzwa kwanza yanatolewa mafuta, barafu na chakula, halafu chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha lake, mabaharia yao. Mafungu hutofautiana chombo kwa chombo, lakini msingi ni huo huo: bahari ikikataa, mwenye chombo naye halali na kitu. Huyo ndiye mwekezaji, na tumekuwa naye miaka yote, ila hatujamwita kwenye filamu.

Kwingine wameshajaribu kitu cha jirani na hicho. Gujarat, kule ambako watu wa Pate walifanya nao biashara ya nguo karne nyingi zilizopita, wafugaji 500,000 wa ushirika wa maziwa walitoa rupia 2 kila mmoja kulipia Manthan, filamu ya Shyam Benegal ya mwaka 1976. Hadithi ilikuwa yao, ya ushirika wao. Ilipotoka walikuja kwa malori kuitazama.

Kwa hiyo nimeikata bajeti mafungu 40, kila fungu shilingi 20,000. Pesa ya kwanza kuingia inawarudishia wenye mafungu mpaka kila mmoja apate 20,000 yake. Baada ya hapo faida inagawanywa nusu kwa mafungu, nusu kwa tulioifanya kazi. Haki za filamu haziuzwi bila wenye mafungu kuitwa. Daftari anashika dada mmoja anayeshika la chama chao cha akina mama, na anaogopwa.

Sitawadanganya kuhusu hesabu. Tiketi ya shilingi 100 inahitaji watazamaji 8,000 ili mtaji tu urudi, bado sijalipia jenereta wala mashua ya kubeba spika. Nikionyesha Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na Lamu yenyewe, tiketi peke yake haitafika. Itabidi kituo cha televisheni kinunue haki ya kuionyesha, au tupate wateja mtandaoni, au tamasha kama lile la Zanzibar, lililopo tangu 1998, litufungulie mlango. Inawezekana mtu akaweka 20,000 akarudishiwa 7,000. Hilo nimemwambia kila mtu kabla hajatoa pesa, na wawili wamerudisha pochi mfukoni. Sina kinyongo nao.

Mjomba amechukua mafungu mawili, moja kwa jina lake na moja kwa jina la marehemu bibi, aliyekuwa mke wa mkata mikoko. Jumla mpaka leo asubuhi ni mafungu 13. Shirika linataka jibu langu Ijumaa.