Tone la Mvua na Ukuta wa Udongo: Tafakari ya Kihistoria kuhusu Tembe ya Kwihara

Tarehe 18 Februari 1872, Henry Morton Stanley na David Livingstone waliwasili Kwihara, karibu na Tabora, wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka mwezi Machi kuelekea pwani; Livingstone alibaki hadi Agosti akiwasubiri wapagazi. Tembe inayoonyeshwa leo kama makumbusho ilijengwa upya katika karne ya 20. Insha hii inachunguza kilichoziangusha nyumba za aina hiyo, na inaanza na tone la mvua.

Tone kubwa huanguka kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde. Linapogonga, maji ya chini hayawahi kusambaa pembeni. Hugandamizwa, na kwa kitambo kifupi mno shinikizo hupanda sana. Mwaka 1928, S. S. Cook alitumia kanuni hiyo kueleza ulikaji wa mapanga ya mitambo ya mvuke. Kwenye kioo cha ndege iendayo kasi, tone huacha nyufa za duara, kwa sababu wimbi linalopita juu ya uso hupanua dosari zilizokuwapo. Kioo, kama udongo mkavu, huhimili kubanwa kuliko kuvutwa.

Mvua ya Unyamwezi haifikii kasi ya kupasua kioo. Hata hivyo, chembe za udongo hazikushikana imara: kila tone hung'oa chache, na maji yanayopenya hulainisha zilizobaki. Paa bapa la tembe hupigwa moja kwa moja. Ukuta hupigwa upepo unapovuma. Na matone yanayoruka kutoka ardhini huula ukuta kwa chini. Kwa hiyo upenu wa baraza uliukinga ukuta kama ulivyowakinga wageni, na kukandika upya kulikuwa sehemu ya ujenzi wenyewe.

Kazi hiyo ilihitaji mikono. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara iliyozitajirisha nyumba hizo ilikuwa imepoteza nafasi yake. Mvua haikubadilika, aliyepungua ni mkandikaji. Hivyo mvua na kuporomoka kwa biashara si sababu mbili zinazoshindana: ya pili iliifungulia mlango ya kwanza.

Hoja hii inagusa pia swali la uhalisi. Kama tembe ya Kwihara ingetunzwa bila kukoma, uso wa ukuta alioujua Livingstone ungekuwa umekwisha kufunikwa au kubadilishwa mara nyingi. Kujengwa upya hakuipunguzii tembe uhalisi wake; ndivyo nyumba ya udongo inavyoishi.